Mgongo wa Fundi Mgeni

Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji, hawakuwa wakiwausia wafinyanzi peke yao. Walituonya sote kwamba kasoro hunyooshwa ingali laini. Ikishakauka hainyooki, huvunjika. Fundi Mgeni wa Dodoma aliisikia methali hii tangu utoto, na kila alipoisikia alicheka.

Enzi hizo za Wajerumani, Mgeni alishona kaptula za askari wa boma. Kutwa alikaa juu ya kisanduku kifupi cha sabuni, magoti yakiyapigia hodi masikio, pua ikiinusa sindano ya cherehani. Angali kijana, mgongo wake ulianza kupinda kama upinde wa mwindaji aliyemwona swala.

Mama yake, Bi Mwajabu, alikuwa mkandaji wa wanawake waliojifungua na watoto wao wachanga. Siku moja alimpapasa mgongoni, akaguna.

"Mwanangu, bado nyama hii inasikia. Tafuta kiti kirefu. Rudisha makalio nyuma, kanyaga kwa nyayo zote, inua kifua. Na kila uzi ukiisha, simama ujinyooshe, kisha jitwike kibuyu cha maji uende nacho hadi zizini kwa jirani yetu Yotham na kurudi. Kichwa chenye maji hakikubali mgongo wa kombo."

"Kibuyu, mama? Mwanamume mzima na ndevu zangu? Si huyo Yotham ataniposa!"

"Akupose, mradi umenyooka."

"Kesho basi. Lakini mgongo wa fundi kazi yake kukaa. Mizigo ina wenyewe."

Kesho ikazaa kesho, na miaka ikaenda zake bila kuaga. Mgeni akawa mtu wa kusalimia miguu ya watu. Uso wa mtu aliuona kwa kugeuza shingo kama kuku.

Kisha vita vikaja. Habari zikafika kutoka Kondoa kwamba wanaume wanakamatwa wawe wapagazi, na atakayeshindwa kuinua mzigo ataonja kiboko. Hapo kicheko kikamkauka Mgeni mdomoni. Akaenda kwa mama yake, akajilaza kifudifudi mkekani.

"Ninyooshe, mama. Hata hicho kibuyu nitabeba."

Bi Mwajabu alikanda kwa mafuta ya moto hadi jasho likamdondoka. Mgeni alipiga ukelele uliowatoa majirani nje. Mama aliondoa mikono.

"Nimechelewa kuitwa, baba," alisema. "Nikizidisha nitakuua."

Askari walipokuja, Mgeni aliwaonyesha kaptula walizovaa. "Mimi ndiye fundi wenu!"

"Fundi hana mabega?" Wakadhani anajikunja kwa hila. Wakamchapa, wakamtwika sanduku la risasi, wakamwingiza kwenye msafara wa kusini pamoja na Yotham.

Yotham alirudi peke yake, mbavu nje, macho ndani. Alisimama mlangoni kwa Bi Mwajabu bila kuketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

"Tulipoanza kupanda milima, mzigo ulimlalia shingoni. Wengine waliegemeza mizigo yao mgongoni, yeye hakuwa na pa kuegemeza wake. Akakaa chini. Nikamwambia, 'Inuka, fundi, wanakuja na kiboko.' Akanijibu, 'Yotham, mgongo hauinuki.' Tukaamriwa kwenda. Nilipogeuka, alikuwa bado amekaa, kichwa magotini."

Bi Mwajabu hakulia mbele ya Yotham. Aliitazama mikono yake iliyonyoosha watoto wa watu wengi, akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwambia, Yotham. Udongo uwahi ungali maji."