Mlango Nyuma ya Kabati

Wapendwa, hebu twendeni kidogo sebuleni kwa bwana mmoja mwenye uwezo wake.

Bwana huyu aliagiza kabati la vitabu kutoka Ufaransa. Si makabati haya yetu ya kuwekea vikombe, hapana! Limenakshiwa maua, kingo zimepakwa dhahabu, milango yote ni vioo. Ndani akapanga vitabu vya Kifaransa, na Kifaransa chenyewe hajui hata salamu. Mnacheka? Haya.

Kabati likakosa pa kukaa. Ukuta wa kulitosha ulikuwa mmoja tu, na kwenye ukuta huo ndipo palipokuwa na mlango wa chumba cha mama yake mzazi.

"Mama, mlango wako wa uani si upo? Utapitia huko."

"Sawa, mwanangu. Lakini nikizidiwa, nitakuitaje?"

"Gonga tu, mama. Nitasikia."

Mlango ukafungwa, kabati likasimamishwa mbele yake.

Jumapili moja akaalika wakubwa wenzake chakula cha mchana. Wamesimama wanalisifia kabati, mara vioo vikaanza kutetemeka.

"Vipi tena, mheshimiwa?" mgeni mmoja akauliza.

"Aa, hilo ni lori linapita barabarani," akajibu huku akicheka.

Vikatetemeka tena, kidogo tu, kisha vikatulia. Wakaenda mezani, wakala, wakashiba.

Wageni walipoondoka, mkewe akazunguka uani na sahani ya mama mkwe. Alimkuta sakafuni, chini ya ule mlango uliofungwa, ameshakata roho. Ngumi yake ilikuwa bado imekunjwa.

Ndugu zangu, bwana yule hakusikia? Alisikia! Hilo ndilo linaloniumiza mimi. Alisikia, akajipa maelezo.

Na sisi je? Tusiwe wepesi wa kumnyooshea kidole. Baba anapiga simu, tunasema huyo anataka hela tu. Jirani haonekani wiki nzima, tunasema atakuwa amesafiri. Mke amenyamaza siku ya tatu, tunasema ndivyo alivyo. Kila kitu tuna maelezo yake, na maelezo yetu yanaturidhisha sana. Siku tutakaposimama mbele za Mungu, nani kati yetu atathubutu kusema hakusikia?

Kuna mtu anakugongea wewe sasa hivi, na jina lake unalijua. Tukitoka hapa, chakula kisubiri. Nenda kwake angali hai.