Utando Juu ya Mwamba Uliofungwa

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na kijiji cha pwani kikiitwa Mchangamle. Watu wake walikuwa wakarimu, walikuwa wacha Mungu, na walikuwa hawaaminiani hata kidogo. Mtu akikusalimu mara mbili kwa siku moja, unabaki kujiuliza anataka nini. Nawaambia mapema mkae macho, maana katika hadithi hii mimi namshuku kila mtu, hata pweza.

Kijiji kile kilikuwa na desturi ya kufunga mwamba. Msimu ukifika, sehemu moja ya mwamba wa matumbawe huzungushiwa bendera, na tangu hapo hakanyagi mtu, mwanamume wala mwanamke, mpaka pweza wakue. Mlinzi huwekwa. Siku ya kufungua, wanawake ndio hutangulia na vijiti vyao vya kuchokolea pweza.

Na desturi hiyo ilikuwa na meno. Mwamba ukiharibika ungali umefungwa, lazima apatikane mtu wa kubeba lawama, naye haukanyagi tena maisha yake yote. Asipopatikana, haufunguliwi kwa yeyote. Ni mtu mmoja tu, si wawili. Wazee wa kale waliona kwamba lawama ikigawanywa, kila mtu ataibeba kwa ncha ya kidole.

Sasa, binti mmoja wa kijiji, Zuwena, alikuwa amesomea mambo ya bahari chuoni, akarudi kuuchunguza mwamba wa kwao. Hakuchunguza samaki wala pweza. Alichunguza viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi juu ya mawe, waitwao sianobakteria.

"Hawa ndio wapishi wa mwamba," aliwaambia wanawake. "Bahari yetu hii safi haina rutuba nyingi. Hawa huchukua naitrojeni iliyoyeyuka majini wakaigeuza chakula. Samaki anakwangua jiwe, anakula, anakunya, na kinyesi chake kinayalisha matumbawe. Hakipotei kitu. Lakini wakishibishwa kupita kiasi, na asiwepo wa kuwala, huzaana mpaka wakawa utando, na matumbawe yakakosa pumzi."

Wanawake wakaitikia, "Ahaa!" Kisha wakaenda zao wakinong'onezana: huyu anatafuta nini hasa?

Zuwena alitaka kujua viumbe hao hugeuka wabaya wakishiba kiasi gani. Akatia mbolea katika vifuko vya wavu, akavifunga kwenye mawe ya mwamba. Vilitakiwa vikae muda mfupi tu, kisha avitoe. Hakumwambia mtu. Alijua akilitamka neno mbolea, watasema anaitilia bahari sumu. 

Mara mama yake, Bi Chumu, akaugua ghafla. Zuwena akampeleka hospitali mjini, akakaa naye mpaka akapata nafuu. Waliporudi, bendera zilikuwa zimesimama. Mwamba umefungwa, na vifuko vimo ndani.

Akaenda mbio kwa mlinzi, Mzee Vuai. Huyu alikuwa kaka wa marehemu baba yake, tena ndiye aliyemlea.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Anaendelea vizuri. Baba mkubwa, nimeacha vitu vyangu mwambani. Naomba niingie nivitoe."

"Vitu gani?"

Zuwena akatazama chini. "Ni vya utafiti tu."

"Vya utafiti tu," Mzee Vuai akarudia polepole. "Havina jina? Mbona mwamba ulipokuwa wazi hukuvitaka, umefungwa ndio unavitaka? Mwanangu, mimi nimekulea. Usinifanye mtoto."

"Wallahi si pweza ninaowataka."

"Mimi nimetaja pweza?"

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zuwena angesema, "Ni mbolea, itatuharibia mwamba," labda mzee angemfungulia. Hakusema. Mzee angesema, "Twende wote nikaone kwa macho yangu," vifuko vingetoka. Hakusema. Kila mmoja akarudi kwake akiamini mwenzake ana lake jambo.

Siku zikapita. Maji yakipwa, Mzee Vuai aliona kutoka ufukweni wekundu fulani umetanda juu ya mawe. Ulikuwa mdogo, siku nyingine ukawa mpana. Aliona, akanyamaza. Moyoni alisema, "Huu ni mtego. Nikiingia kuangalia, watasema mlinzi kaingia kula pweza." Akakaa kwenye kivuli cha kibanda chake akilinda bendera, na utando ukala mwamba mbele ya macho yake.

Mtu wa tatu ni Bi Mize, mjane mwenye watoto wadogo. Marehemu mumewe alimwachia dema, ule mtego wa kusukwa ambao samaki huingia asijue pa kutokea. Bi Mize alisikia uvumi kwamba jikoni kwa Mzee Vuai kunanukia pweza wa kukaanga. Kama ni kweli au si kweli, mimi jikoni kwake sikuingia.

"Kumbe!" akasema Bi Mize. "Mlinzi ale, wanangu walale na njaa?"

Akachukua dema, akalitega. Hakulitega ndani ya bendera, hapana, yeye si mjinga. Alilitega nje, karibu kabisa, kwenye mlango ambao samaki hupitia maji yanapotoka. Wakaingia tasi, wakaingia pono, hao hao wakwanguaji wa mawe. Leo wakaingia, kesho wakaingia. Watoto wakashiba. Bi Chumu, aliyekuwa bado dhaifu kitandani, akaletewa na Bi Mize mchuzi wa tasi kila jioni, akapata nguvu. Na mwambani akabaki mpishi anapika, na wa kula hayupo.

Siku ya kufungua ikafika. Wanawake wakateremka na vijiti vyao, kanga zimefungwa viunoni, vigelegele hewani. Aliyetangulia akakanyaga, akateleza, akaanguka. Wakacheka. Wa pili akateleza. Kicheko kikakatika. Mwamba mzima ulikuwa umevikwa utando mwekundu mweusi, unanata, unanuka kama maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa. Matumbawe chini yake yalikuwa meupe, yamekufa. Mashimo ya pweza yalikuwa matupu. Wanawake wazima walilia pale pale, na mimi siwalaumu, kwa sababu huo ndio uliokuwa mlo wa msimu.

Kilio kilipotulia, macho yakaanza kazi yake.

"Ni Zuwena! Kaja na utafiti wake!"

"Ni mlinzi! Alilinda nini?"

"Muulizeni Mize, anawatoa wapi tasi wale?"

Wakawekwa watatu mchangani, kila mmoja aseme lake.

Zuwena akasema, tena akilia, "Mbolea niliiweka mimi. Nilikosa kuwaambia, na ninaona aibu. Lakini nilikwenda kuitoa nikazuiwa. Vifuko vyangu vichache visingeufunika mwamba wote kama utando ungekwanguliwa mapema. Na mkinifukuza mwambani mimi, ni nani atakayejua namna ya kuurudisha?"

Mzee Vuai akasema, "Mimi nimeishika desturi mliyonipa. Mliniambia asiingie mtu, hakuingia mtu. Ningemfungulia mtoto wa ndugu yangu, leo mngesemaje? Mngesema mzee anapendelea damu yake. Ule wekundu niliuona, ndiyo. Ningeingia, mngesema mwizi. Mlinifundisha wenyewe kuwaogopa."

Bi Mize akasema, "Mimi sikukanyaga ndani ya bendera hata kwa unyayo mmoja. Sikutia kitu baharini, sikumzuia mtu. Nilivua samaki nje ya mpaka, wanangu wakala. Kama samaki wale walikuwa wafagiaji wa mwamba, aliyejua hayo alituambia juu juu kisha akajifungia na vifuko vyake. Njaa haikunipa nafasi ya kukumbuka somo."

Watu wakatazamana. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilikuwa limeacha kitu nje.

Desturi ya kuamua ilikuwa hivi: kila mwanamke hupanda kijiti chake mchangani mbele ya mtu anayemtuhumu. Mwenye vijiti vingi ndiye anayebeba lawama. Wakaanza kupanda. Mwingine alipanda akageuka haraka. Mwingine alisimama mbele ya Bi Mize, akasogea mbele ya Mzee Vuai, akarudi tena. Walipomaliza, vijiti vilikuwa vimelingana mbele ya wote watatu. Kilibaki kimoja tu, nacho kilikuwa mkononi mwa Bi Chumu.

Bi Chumu akasimama kwa shida. Mbele yake yuko binti aliyeviacha vifuko baharini ili amuuguze yeye. Pembeni yuko shemeji aliyemlelea mtoto wake. Pembeni kabisa yuko mwanamke aliyemponya kwa mchuzi wa samaki wale wale. Nyuma yake kijiji kizima kimekodoa macho. Akimwacha Zuwena, watasema mama kamficha mwanawe. Akimpandia Zuwena, watasema kuna siri kubwa zaidi anayoifunika kwa kujitia mwenye haki. Asipopanda, mwamba unabaki umefungwa, na wote wanakosa.

Maji yalikuwa yameanza kujaa, yanawafikia miguuni.

Mimi hapo ndipo ninapotulia. Msinitazame mimi, na wewe uliyetabasamu hapo nyuma nimekuona, nawe nakushuku. Zuwena aliyeweka akaficha, Vuai aliyeona akanyamaza, Mize aliyevua nje ya mpaka: je, ungekuwa wewe Bi Chumu, kijiti kile ungekipanda mbele ya nani?