Kokwa Zenye Alama za Meno

Imetufikia kutoka kwa wasimulizi wa kale, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa mitende kwenye ardhi ya Iraki aliishi mwanamke mwema aliyeitwa Lubaba binti Wahbi. Mumewe alikuwa mshona matandiko ya ngamia, na kazi ilimweka safarini miezi kwa miezi. Walijaaliwa watoto watatu: Unaisa, binti wa miaka mitano, Bishri, wa miaka miwili na nusu, ambaye hakuna chombo cha nyumba ile alichokiacha mahali pake, na Tamimu, aliyekuwa bado ananyonya. Mwenye watoto wa umri huo hataniuliza Lubaba alikuwa na nafasi kiasi gani.

Kabla ya kuwa mama, Lubaba alikuwa mwanafunzi. Tangu usichana wake alihudhuria darsa ya Bibi Ummu Sahli, mcha Mungu aliyewasomesha Qur'ani wanawake wa mji huo kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Alikwisha kuhifadhi juzuu ishirini na sita. Zilimbakia nne, na hapakuwa na kitu alichokitamani duniani kuliko hizo nne.

Darsa hiyo ilikuwa na desturi yake. Kila mwanamke alikuwa na kifuko cha kitambaa, na kila alipokamilisha tasbihi mia moja nyumbani kwake, alitia humo kokwa moja ya tende. Siku ya Alhamisi vifuko vilimiminwa kwenye sinia mbele ya Bibi, kisha kokwa zikatwangwa zikawa chakula cha ngamia wa wasafiri maskini. Ilikuwa desturi nzuri, na hata ngamia walinufaika na dhikri za watu. Lakini chumba kilikuwa kidogo, kikiingiza wanawake arubaini tu, na wengine wengi walingojea nafasi. Kwa sababu hiyo Bibi aliweka sharti: ambaye kifuko chake kitakuja kitupu Alhamisi tatu mfululizo, ampishe mwenzake.

Lubaba alirudi darsani baada ya arubaini ya Tamimu, na Alhamisi mbili za mwanzo kifuko chake kilikuja kitupu. Ya tatu ilikuwa njiani.

Wala usidhani kwamba hakujitahidi. Siku ya Ijumaa aliketi na tasbihi yake, akafika sitini, mara akasikia kimya. Ewe mama unayesoma, wewe wajua kimya cha mtoto wa miaka miwili kina maana gani. Aliinuka akamkuta Bishri ameketi ndani ya beseni la unga, mweupe mpaka kope, anampaka Unaisa na yeye. Lubaba alicheka mpaka akashika ukuta, akasema "Alhamdulillahi" kama asemavyo kila mtu, kisha akahuzunika kwamba mia yake imekatika. Wao walifundishwa kuwa mia iliyokatika si mia. Ukikatizwa unaanza tena moja. Jumamosi alifika themanini na tisa, Tamimu akamtapikia maziwa begani. Jumapili Tamimu akapata homa, na siku mbili nzima mama hakuweka mtoto chini. Homa ilipopoa siku ya Jumanne, alimnusa utosini, akashukuru, akalala usingizi wa kuchoka hapohapo kwenye jamvi.

Alhamisi asubuhi alikuwa akifagia. Bishri alipenda tende kuliko chochote, na kokwa zake alizitema popote zilipomwishia utamu, kwa hiyo sakafu haikukosa kokwa. Lubaba aliziona mbele ya ufagio wake. Lau angeinama akaokota nane au tisa, nani angejua? Kokwa ya dhikri na kokwa ya Bishri zote zimetoka kwenye mtende. Wazo hilo lilimjia, nami sitalificha, maana waja wema nao ni wanadamu. Akalifagia pamoja na taka, akazitupa nje.

Akaazimia kwenda kuaga mwenyewe kwa adabu, asingoje kuambiwa. Baada ya alasiri alimbeba Tamimu ubavuni, akamshika Bishri mkono, na Unaisa akang'ang'ania kukibeba kifuko cha mama. Mama hakumkatalia. Kifuko kitupu kina uzito gani hata asibebe mtoto?

Walipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kuketi na sinia lilikuwa limejaa nusu. Bibi Ummu Sahli alimwita Lubaba. Kabla mama hajafungua kinywa, Unaisa alipita mbele, akalegeza kamba, akakipindua kifuko kwa mikono miwili. Zikamwagika kokwa. Hazikuwa mbili wala tatu, zilikuwa fungu, zinagongana kwenye shaba ya sinia, na moja ikabingirika mpaka gotini mwa Bibi.

Wanawake wakasema mashallah. Bibi akatabasamu, kwa kuwa alimpenda Lubaba na wiki mbili zile zilimsumbua moyo. "Mungu akuzidishie, binti yangu," alisema. "Kaa mahali pako, tufungue juzuu ya ishirini na saba."

Fikiri hali yake. Hakusema uongo hata neno moja. Hakutia kokwa hata moja. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu, na nafasi yake ingesalimika na juzuu zake nne zingesomwa. Jirani yake mmoja, aliyeona uso wake ulivyobadilika, alimvuta nguo akamnong'oneza, "Kaa, Lubaba. Mungu amekusitiri."

Lubaba hakukaa. "Bibi yangu," alisema, "kokwa hizi si zangu. Wiki hii sikukamilisha mia hata moja. Nilikuja kuaga, na sijui kifuko kimejaaje."

Bibi Ummu Sahli akaiokota ile kokwa iliyomfikia gotini, akaigeuzageuza. Ilikuwa na alama za meno madogo, na bado ilinata.

"Nani aliyeitafuna hii?" akauliza.

"Ni Bishri," akajibu Unaisa bila hofu, kwa sababu hakujua kwamba pana la kuogopa. "Yeye anakula, mimi naosha. Hiyo sikuiosha vizuri."

"Na kwa nini umeitia kwenye kifuko cha mama?"

"Mama alinambia kokwa huingia mtu akimshukuru Mungu. Yeye akishukuru anasahau kutia. Mimi namtilia."

Bibi aliweka kiganja chake mbele ya mtoto. "Hebu nieleze, mama yangu. Hii ni ya nini?"

Unaisa akachuchumaa mbele ya sinia akazichambua, kwa makini kama mtu anayechagua mchele. "Hii ya unga, Bishri alipokuwa mweupe. Hii ya Bishri alipomwiga mama kusali, akasujudu, akalala hukohuko kwenye sijida. Mama alisema Alhamdulillahi, akamfunika na mtandio wake." Akachukua nyingine. "Hii ya homa ya Tamimu ilipoondoka. Hii ya kichwa cha Tamimu, mama amekinusa. Hii nimesahau. Hii nayo nimesahau. Hii ni ya mimi, nilipojifunga mkanda mwenyewe."

Lubaba alikuwa ameinamisha uso juu ya kichwa cha Tamimu, analia. Alikuwa akizidhania siku zake kuwa ni mia zilizokatika, na kumbe palikuwa na mtu mdogo nyuma yake, mwenye maji na kokwa, anaziokota.

Bibi Ummu Sahli alizitenga kokwa za mtoto pembeni mwa sinia. Kisha akasema, "Sharti ni kokwa moja kwa mia moja. Kwa sharti hilo, Lubaba, umepungukiwa, na nafasi yako ni ya mwenzako."

"Najua, Bibi yangu. Nimeridhika."

"Sijamaliza. Sharti hilo halikuteremshwa kutoka mbinguni. Nililiweka mimi, kwa udogo wa chumba changu." Akawageukia wanawake wote. "Nililea watoto wanne. Walipokuja mbio kunionyesha mende au jiwe, niliwaambia nyamazeni, ninamtaja Mungu. Wakanyamaza. Leo ni watu wazima, wananiheshimu na wananihudumia, Mungu awalipe. Lakini nikikaa peke yangu najaribu kukumbuka mmoja wao alikuwa akichekaje, wala sikumbuki. Nilijaza vifuko vingi miaka ile. Sina kokwa hata moja kama hii."

Akaagiza mwanamke wa kwanza katika waliokuwa wakingoja mlangoni aingie akae mahali pa Lubaba, akaingia akakaa. Hivyo sharti likatimizwa. Halafu Bibi akajisogeza kwenye mkeka wake mwenyewe, mkeka ambao kwa miaka thelathini haukukaliwa na mtu mwingine, akaupangusa kwa mkono. "Nyinyi njooni hapa," akasema. "Huyu mkubwa akae kulia kwangu. Na huyo mla tende mpeni tende."

Siku hiyo wakaifungua juzuu ya ishirini na saba, Tamimu akinyonya, Bishri akitema kokwa kwenye mkeka wa Bibi mbele ya macho ya wanawake arubaini, na hakuna aliyemkemea. Wamesimulia kwamba kokwa za Lubaba hazikutwangwa. Mama alirudishiwa kifuko chake na kokwa zake zote, isipokuwa ile moja yenye kunata. Hiyo Bibi aliiomba kwa Unaisa, naye akapewa.

Wakati wa kurudi nyumbani Lubaba alitembea kichwa juu katikati ya soko, na unga wa wiki nzima ungali kwenye pindo la nguo yake. Hakikuwa kiburi. Kiburi ni kuona fahari kwa usichopewa, na yeye alipewa, akamjua aliyempa. Aliwatazama wanawe mmoja baada ya mmoja kama mtu aliyeingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, na kifua kilimjaa.

Walipofika mlangoni Unaisa akamshika mama nguo.

"Mama, nataka kukwambia jambo, usinikasirikie. Siku ile ya unga ulisema Alhamdulillahi mara mbili, na mimi nilikuwa na kokwa moja tu. Nilikudhulumu?"

Lubaba alipiga magoti kwenye kizingiti, mtoto mchanga begani, akamkumbatia binti yake. Mwanamke huyu alikuwa ametoka kusimama mbele ya watu arubaini kukataa kokwa zisizo zake. Na sasa alimwona binti yake wa miaka mitano amesimama mahali palepale, anahofia kokwa moja.

"Alhamdulillahi," alisema Lubaba. Unaisa akageuka, akaingia ndani mbio kumtafuta Bishri, aliyekwisha kutangulia na tende yake, apate kokwa nyingine.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama huyo na binti yake. Ewe uliyekatizwa mara tatu kabla ya kufika mwisho wa kisa hiki, usihuzunike. Aliyekukatiza ameketi hapo miguuni pako, anasikiliza unavyoshukuru. Mtazame.