Pimbi na Wageni wa Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na vyumba vya wageni, Nyati alikuwa mwenyeji wa kilima chenye maporomoko ya maji. Wanyama wa bondeni walikwenda kwake kupumzika.

Nyati aliwapokea wote kwa namna moja. Alfajiri aliwapandisha kileleni, mchana akawaogesha kwenye maporomoko, jioni akawachezesha ngoma, ndi ndi ndi, mpaka wachoke. Wengi waliondoka wakichechemea, wasirudi tena.

Mpishi wake alikuwa Pimbi, mama mwenye mwili mdogo aliyeishi na wanawe kwenye nyufa za miamba. Siku moja Nyati alimwambia kwamba wageni wakizidi kupungua, atahama na kumwachia Chui kilima. Pimbi akawafikiria wanawe. Chui akihamia, watoto wake hawatacheza tena juu ya mawe yale.

Alijaribu kumweleza Nyati kwamba wageni hawafanani, kila mmoja ana lililomtoa kwake. Nyati akamjibu kwamba mgeni ni mgeni tu, arudi jikoni.

Basi walipofika wageni wengine, Pimbi alipitisha uji huku akiwauliza polepole walichokuja kutafuta. Swala vijana walitaka kukimbia na kupanda. Mzee Kobe alitaka kula vizuri na kupiga soga. Korongo, aliyefiwa na mumewe, alisema anataka kukaa mahali asipoulizwa neno.

Pimbi akamwendea Nyati, akamnong'oneza, "Bwana, kuongozwa na wewe ni heshima kubwa. Mbona unampa kila mtu? Wape wenye nguvu peke yao. Hawa wengine niachie mimi."

Nyati akavimba kwa furaha. Akatangaza kwamba asiye na mbio hastahili kufuatana naye, akaondoka na Swala, puu puu puu, mpaka juu.

Pimbi akamtandikia Kobe mkeka karibu na jiko, wakapiga soga wakimenya viazi. Kisha akampeleka Korongo kwenye kidimbwi kilichojificha nyuma ya miamba, akamwacha peke yake.

Lakini Swala walimshinda Nyati mbio. Akarudi mapema, akihema, akasikia kicheko cha Kobe jikoni. Hapo akatambua kwamba amechezewa shere. Pimbi alikuwa amekwenda kumpelekea Korongo uji; Nyati akamfuata kwa hasira hadi kidimbwini, akamkuta Korongo amesimama ndani ya maji.

Korongo hakujua kuwa Nyati yupo. Alimwambia Pimbi, "Mume wangu alipenda maji ya namna hii. Leo nimemkumbuka bila kulia. Mwakani nitakuja na dada yangu."

Nyati aliposikia hayo, hasira ikamtoka kidogo kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi, Pimbi, ungeniweka wapi?"

"Wewe magoti yanakuuma tangu masika, na hujamwambia mtu," Pimbi akasema. "Ingia majini, bwana. Swala wanaijua njia ya kushuka."

Nyati akaingia taratibu, akafumba macho. Juu ya miamba watoto wa Pimbi walikuwa wakifukuzana. Habari za kuhama hakuzitaja tena.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu, ukitaka kumfurahisha mgeni, muulize kwanza kilichomleta.