Kidari cha Mama Aminieli na Televisheni ya Tundu Moja

Sogeeni, na mwenye hasira za karibu akae mlangoni, maana hadithi hii imeshawahi kuvunja kikao cha ukoo mzima huko mlimani Kilimanjaro, watu wakaondoka na pombe ya mbege imebaki mtungini. Ni habari ya mama mmoja, wana watatu, na televisheni yenye tundu moja.

Mwana wa kwanza aliitwa Aminieli. Huyu alijaliwa antena. Mpe vipande vya bomba la alumini na waya, atakutengenezea antena inayonasa kituo ambacho hata wenye kituo hawajui kama kinafika huko. Ndiye aliyefunga vipaza sauti vya kanisa, na tangu siku ile hata viziwi wa kijiji wanaijua saa ya ibada.

Mwana wa mwisho aliitwa Sifaeli. Huyu alijaliwa ungo wa setilaiti. Mafundi wenzake wa Moshi mjini hutembea na kipimo kinacholia, Sifaeli hufumba jicho moja, hunyoosha mkono angani, husukuma ungo kidogo kwa nyonga, kisha husema, "Hapo." Na huwa ni hapo. Wanaosema setilaiti ikimwona Sifaeli husimama kumsubiri hawajatia chumvi, au wametia kidogo tu.

Wa katikati aliitwa Ndekirwa, na huyu ndiye tutakayetembea naye. Yeye alijaliwa kuunganisha. Alisimamia mifereji inayoshusha maji ya mlimani mpaka mashambani, na ufundi wake ulikuwa kuingiza mifereji miwili ndani ya mmoja bila maji ya huku kuyarudisha nyuma ya kule. Mpita njia haoni kitu pale. Anaona maji yanapita, basi. Hapo ndipo donge la Ndekirwa lilipokaa. Kazi yake ikiwa nzuri, haionekani.

Na donge hilo lilianza zamani. Kwao, mtoto wa kwanza ndiye humpa mama jina, kwa hiyo mama yao aliitwa Mama Aminieli na kila mtu, hata na Ndekirwa mwenyewe akimwelekeza mgeni njia. Mtoto wa mwisho hurithi nyumba, kwa hiyo nyumba ile watu waliiita kwa Sifaeli, ingawa Sifaeli analala mjini. Wa katikati hupigwa bega na kuambiwa Mungu ni mwema.

Halafu kulikuwa na kidari. Kila Krismasi, waliotawanyika mijini wakisharudi nyumbani, huchinjwa mbuzi, na katika nyumba ile kidari hakikatwi vipande. Kinatolewa kizima, mbele ya ukoo, kwa mwana aliyeushika mji wa wazazi mwaka ule. Baba yao alipokuwa hai alimpa Aminieli, akichoka kumpa Aminieli anampa Sifaeli. Ndekirwa alipewa shingo. Alikuwa ametafuna shingo nyingi mpaka akikutana na mbuzi hai njiani humtazama shingoni.

Sasa njooni kwenye televisheni. Ni enzi zile vituo vya hapa nchini bado vinapita hewani bure, unavidaka kwa antena. Vya nje ndivyo vinavyoshuka kwa ungo na king'amuzi. Mama Aminieli alikuwa na televisheni ya chogo, nzito, ya kubebwa na wanaume wawili wasiogombana. Matundu yake ya rangi, ya kuchomekea vifaa kama king'amuzi, yaliuawa na radi. Likabaki moja, la antena.

Na mama huyu alikuwa na mapenzi mawili. Alipenda kwaya za kituo cha nyumbani, na alipenda mieleka ya kwenye ungo, hasa jitu moja lenye nywele ndefu aliloliita mwanangu. Akitaka kwaya, anainama nyuma ya televisheni na kuchomeka waya wa antena. Akitaka mieleka, anainama tena, anauchomoa, anachomeka wa king'amuzi. Antena yenyewe ilikuwa ya kuokoteza, wanakwaya wakiimba ndani ya chenga. Ungo ulikuwa umeegemezwa kwenye mawe. Mvua ikinyesha, jitu linaganda hewani na mguu juu. Desemba moja, akiwa huko nyuma anapapasa, aliteleza akashika stuli, stuli ikaja naye. Mkono ukateguka.

Wana walipokusanyika kumpa pole, aliwapokea kwa maneno haya:

"Nimechoka kuinama nyuma ya televisheni yangu kama naiba. Nataka kwaya isiwe na chenga, mieleka isigande, na mimi nibonyeze rimoti nimekaa. Atakayenipa hayo, kidari cha mwaka huu ni chake."

Ndekirwa alisikia neno kidari, akameza mate.

Siku ya mkesha, jua likiwa bado juu, Aminieli alianza. Alipanda mgrevilea ulio kando ya zizi mpaka matawi yakalalamika, akafunga mlingoti mrefu, kutoka ardhini hadi kileleni, kwa mipira ya baiskeli, akasimika antena mahali ambapo ndege hufikiria mara mbili. Akachomeka waya. Chenga zote zikakimbia, na mama akahesabu meno ya mwimbaji wa sauti ya nne. "Bila mimi hakuna kwaya," akasema Aminieli.

Sifaeli akafuata. Aliung'oa ungo kwenye mawe, akaupandisha juu ya bati, akaukaza kwa boliti, akafumba jicho, akausukuma kwa nyonga. Waya ukabadilishwa, jitu la nywele ndefu likatokea linang'aa jasho, na lilipomwangusha mwenzake, mama alisogeza miguu asikanyagwe. "Bila mimi hakuna mieleka," akasema Sifaeli.

Ndekirwa akaja na kidude kidogo cha bati kinachotosha kiganjani, spilita, kile ambacho watu hutumia kugawa waya mmoja uende televisheni mbili. Yeye akakigeuza. Upande wa kutokea maji, kwa namna yake ya kufikiri, akaufanya wa kuingilia: antena huku, king'amuzi kule, na waya mmoja tu ukaenda kwenye lile tundu. Kaka zake walicheka wakamwambia hicho ni cha kugawa. Mama akabonyeza rimoti amekaa. Namba hii, kwaya. Namba ile, mieleka. "Bila mimi mama anainama," akasema Ndekirwa, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu shangazi yao Ndeonasia alikuwa ndiyo kwanza anaingia.

Shangazi huyu alikuwa na ulimi usiotembea na breki. Alisema ameiona antena tangu barabarani, hongera Aminieli. Ameuona ungo juu ya nyumba mpaka ametaka kupiga magoti, hongera Sifaeli. Kisha akamgeukia wa katikati.

"Na wewe baba, umekuja kula?"

Watu wakaangua kicheko. Ndekirwa akacheka nao, maana angefanyaje, huku kidude chake kikiwa kimejificha nyuma ya chogo ambako hakuna shangazi anayetazama.

Kicheko hakijaisha, mieleka ikaharibika. Mistari ikapita kwenye kioo, na tumboni mwa lile jitu akatokea bwana mwenye tai, anasoma bei ya mahindi ya Kenya. Kumbe antena ya Aminieli, kwa ule urefu wake wa kujionyesha, ilikuwa inadaka kituo cha ng'ambo ya mlima kinachofungua matangazo alasiri, na kituo hicho kimekaa kwenye namba ileile ambayo Sifaeli alikiwekea king'amuzi. Ndekirwa aliligundua hilo upesi, kwa sababu ni jambo la mifereji. Akamwomba Sifaeli abadili namba. Sifaeli akajibu kwamba namba hiyo ndiyo anayowawekea wateja wake wote na hakuna aliyewahi kulalamika. Akamwomba Aminieli ashushe antena kidogo. Aminieli akauliza kama watu wa barabarani wataionaje ikishuka.

"Toeni hicho kidude cha kupinduliwa," akasema Aminieli. "Kabla hakijaja, kila kitu kilikuwa kizuri."

"Kweli kaka," akasema Sifaeli. Wale wawili walikuwa hawajapatana jambo tangu mwaka uanze, na siku hiyo wakapatana.

Ndekirwa akatoka nje. Wivu ulimshika shingoni, palepale pa mbuzi. Aliiona antena inang'aa kwa jua la alasiri, akauona mlingoti ulivyofungwa kwa mipira tu, na mkono wake ukajua cha kufanya kabla yeye hajakubali. Kama kidude chake kitang'olewa, basi na kwaya iharibike, mama aone kwamba hata kifungua mimba hukosea. Akaushika mlingoti kwa mikono miwili, akausokota, antena ikageuka ubavu. Akasimama anasubiri kelele za lawama.

Alichosikia ni vigelegele vya shangazi.

Akarudi ndani. Kwaya safi. Akabonyeza namba nyingine, jitu safi, tumbo lake tupu, bei ya mahindi hakuna. Antena ilikuwa imekipa ubavu kituo cha ng'ambo, na kile cha nyumbani kilikuwa na nguvu ya kutosha kuingia hata kwa upande. Aminieli akaeleza kwamba antena yake ilihitaji muda wa kutulia. Sifaeli akasema king'amuzi chake kilikuwa hakijapata joto. Ndekirwa akatazama viganja vyake vyenye kutu ya mlingoti, akavificha mfukoni. Hata uovu wake walikuwa wamegawana wao.

Krismasi, watu wakitoka kanisani, ukoo ulijaa uani. Mama Aminieli akatoka jikoni na sinia kwa mkono ule mzima, kidari juu yake, kizima, kinatoa moshi. Aminieli akanyoosha koti. Sifaeli akasogea mbele kidogo, kwa bahati tu. Mama akawapita kwa macho, akasimama kwa wa katikati.

"Jana, nyie mkibishana, nilitoka nikawa zizini nampelekea ng'ombe maganda ya ndizi," akasema. "Nilimwona mtu anageuza antena, mara nikasikia vigelegele, picha imetengemaa. Alikuwa ni wewe."

Ndekirwa akaona, kwa mara ya kwanza maishani, ukoo mzima unamtazama yeye. Kidari kilikuwa karibu kiasi kwamba mvuke wake ulimgusa kidevuni.

"Na uso wako niliuona," mama akaendelea. "Kwa hiyo nakuuliza hapa, mbele yao. Uligeuza ili itengemae, au ili iharibike?"

Angeweza kusema itengemae. Nani angembishia? Lakini aliyeuliza alikuwa amemzaa.

"Iharibike, mama."

Basi hapo ndipo pakachafuka. Aminieli akasema aliyetaka kuharibu ale mifupa, na antena iliyogeuzwa ni ya nani kama si yake? Sifaeli akasema antena hata ikigeuzwa mpaka kesho haileti mieleka. Shangazi akawakumbusha kwamba mmoja alikataa kushusha na mwingine alikataa kubadili namba, na kukataa kwao hakukuwa kwa ajili ya mama. Kisha akasema kidude cha Ndekirwa kimefanya kazi na wivu wake umefanya kazi, ila yeye mwenyewe hajui kama wivu hulipwa. Ndekirwa alisimama pale, viganja vyake wazi.

Mama Aminieli akawatazama wote watatu, mkono wake mbovu umefungwa kitambaa, ule mzima umeanza kushuka kwa uzito. Ndani ya nyumba kwaya inaimba bila chenga hata moja. Kidari hakikatwi vipande, na nyama haingoji.

Haya, na mimi mkono umechoka. Shika wewe sinia. Unampelekea nani?