Sahani ya Bi Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Paliponukia?

Tukasogea!

Mlisogea mmenawa?

Tumenawa!

Waongo wakubwa. Zaina, wewe una unga mpaka kwenye nyusi. Haya, sahani ya vileja hiyo hapo katikati. Kuleni vilivyovunjika, vizima ni vya wageni wa Idi. Nasimulia mara moja tu. Atakayeniuliza "ilikuwaje, Bibi?" atasugua masufuria yote haya peke yake.

Hapo zamani alikuwapo Bi Pimbi. Mdogo, mnene kidogo, hana mkia, hana kucha za maana, anakaa kwenye pango la mawe chini ya kilima. Juu ya kilima anakaa Bwana Chui. Bwana Chui ana meno, ana kucha, ana sharubu, ana mkia mrefu, na ana ngozi ya madoadoa ambayo kila asubuhi aliilamba mpaka ikang'aa. Na alikuwa na mazoea yake. Kila mwaka siku ya sikukuu alishuka kilimani amejitengeneza vizuri, akapiga hodi kwa Bi Pimbi, akasema, "Nimekuja kuchukua sikukuu yangu."

Nyinyi mnajua. Siku ya Idi mnazunguka kwa majirani, mnadai sikukuu yenu, mnapewa pipi, mnapewa puto. Bwana Chui alipewa mtoto.

Mwaka wa kwanza mtoto mmoja. Mwaka wa pili mtoto mmoja. Mwaka wa tatu mtoto mmoja. Mwaka wa nne mtoto mmoja. Na Bi Pimbi alizaa watoto watano. Akabaki na wa mwisho, jina lake Mwanaidi, kwa sababu alizaliwa siku ya Idi ile ya kwanza, saa ile ile dada yake anachukuliwa. Na msiniulize kwa nini mama yao hakuhama. Ahamie wapi? Nchi yote ile ilikuwa ya Chui.

Basi, mwaka wa tano, zimebaki siku sita kufika sikukuu, Chui akapita mlangoni.

"Bi Pimbi!"

"Labeka, Bwana."

"Sikukuu imekaribia. Mwogeshe mtoto. Na hii nyumba yako ipambe, tafadhali. Mwaka jana nilikula vumbi tupu, kuta zimebanduka, sakafu ina mashimo. Sikufurahi hata kidogo."

"Nimesikia, Bwana."

Chui akaenda zake. Bi Pimbi akamtazama Mwanaidi, Mwanaidi akamtazama mama yake. Bi Pimbi hakulia. Alilia mwaka wa kwanza, akalia wa pili, wa tatu na wa nne, na hakuona machozi yamemrudishia nani. Akajifunga kanga kiunoni. Akatwanga mchele, akachekecha unga, akayeyusha samli, akaponda iliki. Mayai alipewa na jirani yake Bi Kanga, na Bi Kanga mayai aliyatoa wapi, hilo nalo msiniulize.

"Shoga," Bi Kanga akasema, "umerukwa na akili? Mtoto anakwenda kuliwa, wewe unaoka vileja?"

"Naoka. Na nyumba naipamba. Wewe nakuomba jambo moja tu. Kaa pale njiani, uangalie sahani yangu ikipanda na ikishuka."

"Basi?"

"Basi. Lakini uangalie kwa sauti."

Sasa Bi Kanga, kuangalia mambo ya watu kwa sauti, hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Akaenda akakaa njiani, akakunja miguu.

Siku ya kwanza, vileja. Moto chini, makaa juu, harufu ikapanda kilima mpaka puani mwa Chui. Bi Pimbi akaifuata na sahani. Alikuwa na sahani moja tu, ya bati, ina maua mekundu ukingoni. Akasimama mbali na mlango.

"Hodi!"

"Karibu ndani."

"Siingii, mikono ina unga. Nakuwekea hapa jiweni."

Chui akatoka, akala. Nyamu, nyamu, nyamu! Maisha yake yote alikuwa anakula vitu vinavyopiga kelele. Hajapata kula kitu kinachoyeyuka ulimini.

"Lete vingine!"

"Sahani ninayo hii moja tu, Bwana. Ikirudi, naleta. Na unajua mwenyewe, kwetu hapa sahani ya jirani hairudishwi tupu."

Na kule njiani: "Ke-ke-ke-ke! Ngoja tuone Bwana Chui atarudisha nini! Ke-ke-ke-ke!"

Chui akaona haya. Mtu mzima, mwenye kilima chake, isemwe hakufunzwa adabu? Akaingia ndani kutafuta. Na nyumba ya mla nyama ina nini? Ina mifupa. Akaijaza sahani mifupa.

Bi Pimbi akaifikisha nyumbani, akaichambua. Mingi ilikuwa ya paa na digidigi. Lakini chini kabisa palikuwa na vichwa vidogo vinne, kila kimoja kinaenea kiganjani. Akavijua, hiki cha nani na hiki cha nani. Akavipakata mpaka makaa ya vileja yakazimika. Kisha akachimba katikati ya chumba, akavilaza kimoja kimoja, mkubwa kwanza, mdogo mwisho, akafukia, akasiriba udongo mwekundu juu yake. Pwaa. Pwaa. Pwaa. Pwaa.

"Mama," Mwanaidi akauliza, "hapa katikati tutaweka nini?"

"Zulia," mama yake akasema. "Zulia litakuja."

Mbona mmeacha kutafuna? Kuleni, jamani. Vileja havina kosa.

Siku ya pili, visheti, vimegandiwa na sukari mpaka vinameta.

"Hodi!"

"Karibu ndani."

"Siingii, mikono ina shira. Nakuwekea hapa jiweni."

Nyamu, nyamu, nyamu! Sahani ikawa nyeupe. Chui akaingia ndani: mifupa imekwisha. Akatoka nje: Bi Kanga yupo. "Ke-ke-ke-ke! Leo anarudisha nini?"

"Sina kitu," Chui akanong'ona.

"Una sharubu," Bi Pimbi akasema. "Sharubu huota."

Kweli, sharubu huota. Chui akazing'oa, pwe, pwe, pwe, machozi yanamtoka, akaziweka kwenye sahani. Bi Pimbi akazifunga kwenye kijiti, akapata brashi. Akakoroga chokaa, akapaka ukuta mmoja, chwaa, chwaa, akapaka wa pili. Mwanaidi akashika ndoo.

Siku ya tatu, mkate wa kumimina, umefura, una ufuta juu.

"Hodi!"

"Karibu ndani."

"Siingii, mikono ina tui. Nakuwekea hapa jiweni."

Nyamu, nyamu, nyamu! Na Bi Kanga: "Ke-ke-ke-ke! Jana alitoa sharubu, huyo muungwana! Leo atatoa nini?"

Oneni sasa. Mtu akisifiwa hadharani ndipo anapopotea. Chui akavimba kichwa. Akatazama vidole vyake.

"Kucha huota?"

"Huota sana," akasema Bi Pimbi.

Kacha! Kacha! Kacha! Akazing'oa kwa meno yake mwenyewe, moja moja, zote kumi na nane. Bi Pimbi akazitoboa, akatunga kwenye uzi, akapata pazia la mlangoni. Upepo ukipita linasema chaka-chaka-chaka.

Siku ya nne, keki ya mayai kumi. Kumi! Bi Kanga siku hiyo alikaa kimya asubuhi nzima. Halafu akakumbuka kazi yake.

"Hodi!"

"Karibu ndani."

"Siingii, mikono ina mayai. Nakuwekea hapa jiweni."

Nyamu, nyamu, nyamu! Chui akajigeuza, akautazama mkia wake.

"Mkia hauoti," akasema.

"Hauoti. Lakini mimi nimezaliwa bila mkia, umeniona nimekufa?"

"Ke-ke-ke-ke! Anafikiria! Muungwana gani anafikiria?"

Ng'wa! Ukelele wake ulisikika mpaka ng'ambo ya mto. Bi Pimbi akashuka na sahani, damu inachuruzika hadi kwenye maua, akautundika mkia juu ya mlango, akanyoosha manyoya yake vizuri.

Siku ya tano hakupeleka kitu. Chui akatoka, akaingia, akatoka. Akalilamba lile jiwe. Alasiri akalilamba tena.

Siku ya sita ndiyo mkesha wa sikukuu. Bi Pimbi akachemsha sukari, akaipika, akaipika, mpaka ikawa gubiti, nyekundu, ngumu, inanata. Akapanda nayo mchana kweupe.

"Hodi!"

"Lete! Lete hapa!"

"Siingii, mikono inanata. Na hii, Bwana, humung'unyi. Tafuna kwa nguvu zako zote."

Chui akatafuna. Meno ya juu yakagandana na ya chini. Akavuta. Kwach! Likatoka moja. Hakujali, utamu ulikuwa umeshamfika kisogoni. Akatafuna tena. Kwach! Kwach! Akamaliza gubiti, akamaliza na meno. Akayatema kwenye sahani, kwake ni furaha, leo hakuhangaika kutafuta.

"Chukua fahani yako," akasema. "Na ufidhani nimefahau. Kefho nakuja. Mtoto laini kama yule, meno ya nini? Nitammefa mfima."

Hapo, wanangu, Bi Pimbi alinyakua sahani yake. Alidhani ameshinda. Akateremka kilima hajui anakanyaga wapi. Akayapachika meno kwenye udongo mbichi, yakazunguka lote lile shubaka la ukutani la kuwekea vyombo. Nyumba ikawa nzuri kuliko nyumba zote za kilima kile, ukuta mweupe, pazia, mkia, meno. Imebaki sakafu ya katikati, pale juu ya watoto wake, palipo wazi. Bi Pimbi akapaangalia sana. Kisha akamtuma Bi Kanga akazunguke kwa majirani wote.

Siku ya sikukuu Chui akashuka. Anachechemea, nyayo zinamuuma, hana mkia wa kumweka sawa. Ngozi yake tu ndiyo nzima, na ameilamba.

"Hodi!"

"Karibu ndani," akasema Bi Pimbi. "Leo mikono yangu safi."

Chui akapita kwenye kucha zake, chaka-chaka-chaka. Akatazama kuta, akatazama shubaka.

"Pafuri," akasema. "Fafa ndiyo nyumba."

Akakaa chini, pale pale katikati. Bi Pimbi akamletea sahani ya vileja vilivyolowekwa kwenye tui, kwa ajili ya fizi zake. Akala vyote. Akajifuta mdomo.

"Nimekuja kuchukua fikukuu yangu."

Mwanaidi akatoka. Ameogeshwa, amepakwa wanja, gauni jipya. Amejibana kwa mama yake. Chui akafungua kinywa, kikubwa, chekundu, kitupu.

"Ke-ke-ke-ke!" Bi Kanga huyo mlangoni. "Bwana Chui! Sahani! Sahani iko tupu!"

Chui akageuka. Nyuma ya Bi Kanga amesimama paa. Nyuma ya paa digidigi, na sungura, na ngiri, na nungunungu, wote wamevaa nguo za sikukuu, wote wamekuja kutoa mkono wa Idi. Na hapakuwa na mmoja kati yao ambaye nyumbani kwake hajapungukiwa na mtu. Walikuwa wanamwogopa miaka yote. Sasa walikuwa wanaziangalia kucha zake pale mlangoni.

"Fina kitu," akasema Chui. "Nimetoa vyote."

"Kimebaki kimoja," akasema Bi Pimbi. Mkononi alikuwa na kisu cha kukatia mkate.

Chui akajitazama. Ikamwingia taratibu.

"Ngofi," akasema, "ngofi huota?"

"Hapana," Bi Pimbi akasema.

Wakaingia wote, na wa mwisho akafunga mlango.

Alasiri ile wageni walikaa juu ya zulia jipya la madoadoa. Wakasifu chokaa, wakasifu pazia, wakasema mwenzetu ana mikono ya dhahabu. Bi Pimbi akawapitishia vileja. Vinne akaviweka chini, kando ya zulia, na hakuna aliyevigusa. Mwanaidi alipita pembeni, amegusa ukuta, hakulikanyaga zulia lile siku hiyo wala mwaka uliofuata. Na tangu hapo kilima kizima hakuna aliyemrudishia Bi Pimbi sahani tupu. Walikuwa wanamheshimu mno. Walikuwa wanamheshimu kiasi kwamba walimwomba asilete.

Basi, mafundisho yake. Msipende vitu vitamu, vinaharibu meno. Jirani akiwaletea sahani, kuleni, kisha irudisheni tupu kabisa, iwekeni mlangoni mkimbie, adabu nyingi inaua. Na ukiwa na uchungu moyoni usimdhuru mtu yeyote. Paka nyumba chokaa, oka keki, utatulia. Bi Pimbi alioka tu, masikini, na akatulia.

Hadithi yangu imeungua chini, imeiva juu, nimeipua. Aliyeshiba aseme!

Tumeshiba!

Aliyebakiza aonyeshe!

...

Nasema, sahani yangu iko wapi?

Iko hapa, Bibi.

Naiona. Iko tupu.