Aliyekataa, Aliyetoa na Aliyepokea

Nawapa kisa, nanyi mtanipa hukumu. Msiniharakishe. Wenyewe waliohusika walichoka kabla hawajaipata.

Katika mtaa wa Kwembago waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Zamoyoni, fundi cherehani, alijaliwa ulimi: akibisha hodi na kusema maneno mawili, mtu aliacha chungu jikoni akatoka. Shemdoe, mwenye duka la saruji na mabati, alijaliwa mkono wa kupata, alichokigusa kilizaa. Mbonea, kibarua wa huku na huko, alijaliwa subira. Alikuwa radhi kukaa kwenye benchi tangu ofisi inafunguliwa mpaka inafungwa, na asipige hata mwayo.

Juu ya mtaa palikuwa na kiwanda cha ngozi, na uchafu wake ulishuka mtaroni hadi kisimani. Watoto walitoka vipele. Chai ilinuka, nguo zilizofuliwa zilinuka. Siku moja Zamoyoni aliweka mkasi chini, akatoka.

Alikwenda mlango kwa mlango. "Shoga, maji haya utayanywa mpaka lini?" Watu wakatoka, wakaandamana hadi getini, na walipofukuzwa getini wakafungua kesi. Wakataka kumchangia Zamoyoni nauli ya kuzunguka. Akakataa.

"Sitaki hata shilingi. Nikila pesa ya jambo hili, kesho mtasema napiga kelele kwa ajili ya tumbo."

Akazunguka kwa miguu. Viatu vikaisha, wateja wakahamia kwa fundi mwingine, cherehani ikashika kutu. Yeye na mwanawe wakawa wanakula kwa mdogo wake, Hiari, aliyekaanga vitumbua alfajiri. Zamoyoni alikula haraka, akatoka haraka, wala hakuuliza unga umenunuliwa kwa pesa gani.

Lakini kesi huishi muda mrefu kuliko hasira. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Watu wakaanza kumchungulia dirishani. "Mwambie mama hayupo," alisikia sauti ya mama mwenyewe ikisema. Jirani mmoja akamwuliza bila kupepesa macho, "Zamo, tukija huko mahakamani tunapata nini?"

Hapo Shemdoe akafungua droo ya duka lake. Akalipa wakili. Akakodi basi. Kila aliyehudhuria akapewa posho na soda, na basi likajaa hadi watu wakagombea viti. Zamoyoni akamfuata dukani.

"Kaka Shemdoe, mtu ukimlipa adai haki yake, siku usipomlipa ataona si haki yake."

"Na usipomlipa haji," Shemdoe akajibu, huku akipima misumari kwenye mizani. "Chagua, dada yangu."

Zamoyoni hakuchagua. Alipanda basi lile, akaikataa soda.

Mtaa mzima ulijua pesa ile ilikotoka. Lori la kiwanda lilichukua saruji kwa Shemdoe kila wiki. Pesa ya kiwanda ndiyo iliyokuwa ikikishitaki kiwanda. Wenye kiwanda walipogundua, wakaacha kununua. Shemdoe akaendelea kulipa mpaka rafu zikabaki na vumbi. Posho ilipokatika, basi lilirudi mjini tupu, kama Zamoyoni alivyotabiri, na kutabiri kwake hakukumsaidia mtu.

Shemdoe akabakiza posho ya mtu mmoja tu, Mbonea, ili kesi isikose macho. Kila siku Mbonea alikaa kwenye korido ya mahakama, kofia gotini. Watu walimtania.

"Mbonea kaajiriwa na kesi!"

"Siku kesi ikiisha nitalia kuliko wenye kiwanda," naye akawajibu.

Ikatokea siku kesi ikaitwa ghafla. Wakili alikuwa safarini, Zamoyoni alikuwa kitandani na homa, Shemdoe alikuwa akibembeleza mkopo. Hakimu akauliza, "Walalamikaji wapo?" Akatazama viti vya mbele, vitupu. Akashika kalamu aifute kesi. Kwenye benchi la nyuma Mbonea akasimama, akavaa kofia, akakumbuka, akaivua. "Nipo, mheshimiwa."

Kesi ikapona. Baadaye hukumu ikaja: kiwanda kisafishe maji yake, kiuchimbie mtaa kisima kirefu, na kijenge kioski cha kuuzia maji ya kisima hicho kwa bei nafuu. Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walipeana mikono taratibu, kama watokao mazikoni, wakarudi nyumbani kulala.

Kikabaki kioski. Atakayekiendesha atapata riziki ya nyumba moja, na mtaa uliona kimwendee mmoja wa wale watatu. Mkutano ukaitwa katika uwanja wa shule. Mwenyekiti, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akasema, "Msiniambie tukigawe. Tukikigawa mara tatu, kila mmoja atapata pesa ya chumvi tu. Anayekitaka asimame aseme."

Shemdoe akasimama. "Bila pesa yangu hapangekuwa na wakili. Nimetoa hadi duka limekufa."

"Ulitoa vya kiwanda!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Lori mliliona likipakia. Mbona soda mlikunywa?"

Watu wakacheka kidogo.

Mbonea akasimama. "Bila mimi kesi ingefutwa. Mtasema nilishalipwa. Nimelipwa, ndiyo, na wanangu wamekula. Tumbo halijui harakati. Lakini tangu tushinde sina kazi. Mimi peke yangu ushindi umenifukuza kazi."

Macho yakamgeukia Zamoyoni. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, miguu imevimba. Alitaka kioski kile kuliko alivyowahi kutaka kitu, na aliona haya kukitaka.

"Dada Zamo si alisema hataki hata shilingi?" Mbonea akasema, bila ubaya. "Mikono yake ni safi, nakubali. Ila mdogo wake ndiye aliyekuwa akiiosha, kwa vitumbua."

Hakuna aliyecheka. Zamoyoni akamtafuta Hiari kwa macho, akamwona karibu na ukuta wa darasa, amesinzia huku amesimama. Ndipo alipoelewa kwamba pesa aliyoikataa mchana, Hiari alikuwa akiitafuta alfajiri, na kwamba kuna mtu aliyeilipia fahari yake bila kuulizwa.

"Basi asipewe mtu!" bibi mmoja akasema. "Mkimlipa aliyepigania maji, mwakani mtampata wapi wa kupigania bure?"

"Na msipomlipa, bibi," Mwenyekiti akamjibu, "mwakani tutampata wapi wa kupigania kabisa?"

Zamoyoni akainuka kwa kushika bega la jirani.

"Bila mimi msingetoka majumbani," alisema. "Nilidhani pesa ndiyo itakayonichafua. Nimechoka, jamani. Nakitaka."

Akakaa. Ufunguo wa kioski uko mkononi mwa Mwenyekiti, na watu wote wamemkodolea macho.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Mmoja alikataa pesa, na mdogo wake akalipa gharama. Mmoja aliitoa, nayo ilitoka kwa adui. Mmoja aliipokea, na siku ya siku ndiye pekee aliyekuwepo. Mwenyekiti ananyoosha mkono. Semeni, auelekeze kwa nani?